Safari za Iringa

Makambako, Jumamosi, 1 Juni 2024

Shule tumefunga jana. Upepo wa Makambako nao umeanza ubishi wake wa kila Juni, unagonga mabati usiku kucha kama mtu anayedai deni. Jiko la mkaa nimelikokea nje, nikalisubiri liwe jekundu lote ndipo nikaliingiza ndani, na dirisha nimeliacha wazi upana wa kiganja. Heri baridi kuliko moshi.

Nimekuja na madaftari ya darasa la tatu. Mwaka huu ndio wameanza somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kabla ya kufunga niliwapa kazi ya kuchora mti wa ukoo: wewe, wazazi, babu na bibi, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa, na aliyefariki aandikiwe mwaka aliofariki. Niliiona kazi nyepesi. Sasa nafungua daftari moja baada ya jingine, na pale pa mwaka, kwenye majina ya babu na bibi, nakuta neno lilelile: zamani. Babu alifariki zamani. Bibi mzaa mama alifariki zamani. Wameandika kwa mwandiko mzuri, wakapigia mstari kwa rula.

Mtoto mmoja aliniuliza siku ileile, "Mwalimu, zamani ni mwaka gani?"

Nikasema nitawaonyesha mfano, nikachora mti wangu ubaoni. Baba, 1998. Mama, 2001. Pale pa kuzaliwa kwa mama chaki ikasimama, kwa sababu sijui. Halafu yule yule akauliza, "Aliumwa nini?" Nikajibu kwamba aliumwa. Darasa likakubali. Watoto wa Makambako wanalijua jibu hilo, wamelisikia majumbani mwao.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Nina miaka thelathini na mitano na sijawahi kupima. Mwaka 2013, nikiwa chuo, nilifika kwenye foleni nikasema nimesahau simu bwenini. Mwaka 2016 mchungaji alitutaka mimi na mchumba tulete vyeti vya vipimo kabla ya kutangazwa kanisani. Nilimwambia yule kijana kwamba sijawa tayari kwa ndoa. Alikuwa mtu mwema, alinisubiri miezi minane, kisha akaoa kwingine, na hadi leo hajui sababu. Mwaka 2021 waliweka banda karibu na stendi, nikazunguka kwa nyuma ya soko ili nisilipite.

Baba alikuwa utingo wa malori ya Zambia, baadaye akawa dereva. Mji huu umezaliwa njia panda: barabara ya Zambia, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA. Kila kilichopita barabarani kilipita na hapa.

Makambako, Jumatatu, 3 Juni

Naandaa maelezo ya Vita vya Majimaji. Vitabu vya shule vinaanzia Nandete, Umatumbi, Julai 1905, vinamtaja mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vinaruka hadi Songea kwa Wangoni, vinamaliza. Sisi tumo kwenye neno "na kwingineko".

Lakini vita ilifika. Tarehe 19 Septemba 1905 watu wa Mbeyela, mtemi wa Wabena, walishambulia kituo cha misheni ya Kilutheri cha Yakobi, karibu na pale mji wa Njombe ulipo leo. Na si Wabena wote walikuwa upande wa Mbeyela. Wapo waliosimama na Wajerumani. Mwanahistoria Seth Nyagava, katika sura aliyoichapisha mwaka 2010, aliweka swali hilo kwenye kichwa cha habari chenyewe: je, Wabena walikuwa wasaliti? Nampenda kwa kuuliza hivyo waziwazi. Mtu aliyekwisha kuvamiwa na Wahehe kwa upande mmoja na Wangoni kwa upande mwingine, halafu akaja Mjerumani na kodi yake, huchagua kwa hesabu za kijiji chake. Huku hakukuwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa kama ya kule Pwani. Mbeyela alikuwa na mambo yake mwenyewe na majirani na wamisionari, na maji ya dawa ya Kinjekitile yalipofika yakakuta ugomvi uliokwisha kuiva.

Miaka yote nimefundisha habari ya ile dawa kwa sauti ya kuwasikitikia, kwamba waliamini risasi itageuka maji. Usiku huu sitaki tena kuifundisha hivyo. Walijua bunduki ni nini. Walikwisha kuiona ikifanya kazi dhidi ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Kilichotolewa na mganga kilikuwa kitu cha kuwawezesha kutoka nje ya nyumba zao.

Kisha njaa. Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Wao wenyewe walihesabu wafu elfu sabini na tano. Gilbert Gwassa, aliyeitafiti vita hiyo baada ya uhuru, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kukosa cha kula.

Mtwango, Alhamisi, 6 Juni

Nimelala kwa Bibi. Nilishukia Mtwango barabarani, nikachukua bodaboda. Salamu za kamwene, kamwene, kila mlango. Bibi ana mgolole mweusi mabegani na soksi mbili mbili. Ametupikia makande, nasi tumekaa jikoni, pale pa moto, ndipo mahali pekee nyumba hii inapopata joto.

Nimemwambia nataka mwaka aliozaliwa mama. Akacheka. "Mjukuu wangu, nani aliandika?"

Nikamwambia basi anieleze kilichokuwepo. Hapo akaanza kukumbuka kwa namna ambayo sikuitegemea. Mama mdogo alizaliwa mwaka wa kuhamishwa, walipobomolewa kule juu wakaletwa huku barabarani kwenye vijiji. Hiyo ni 1974. Mama yangu alikuwa amezaliwa kule kule, kwenye mahame. Siku hizi pamepandwa paini, na makaburi ya wakwe zake yamo humo katikati ya miti ya watu wengine.

"Nilikuwa na mimba yake," akasema, "walipokuja wale vijana wenye madaftari."

Vijana gani?

Vijana wa shule kubwa. Walivaa viatu, walisema Kiswahili kizuri, mmoja wao alikuwa Mbena. Walitaka wazee wawasimulie vita ya Wajerumani. Baba mkwe wake, yaani babu wa mama yangu, alipowaona wakifungua madaftari alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia shambani, akalala kati ya mahindi hadi jua likazama. Mzee wa miaka karibu sabini. Bibi alimpelekea ulanzi gizani.

Nimekaa kimya nikihesabu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini, kwenye maeneo ya vita ile, wakakusanye kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai. Huenda ndio hao. Kama ndio, mama yangu alizaliwa 1968, na alipofariki alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nimekwisha kumpita kwa miaka miwili.

Nikauliza mzee alikuwa anaogopa nini.

"Kuandikwa," Bibi akasema. Baba wa mzee huyo alikuwa amekwenda Yakobi na mkuki. Baada ya vita, waliokwenda walikuwa wakitafutwa kwa majina. Yeye alikuwa mtoto, amefichwa msituni na mama yake, wakila mizizi. Miaka sitini na tatu imepita, Mjerumani ameondoka, Mwingereza ameondoka, Nyerere yupo Ikulu, na yule mzee bado anaona kalamu, anakimbia.

Bibi akaendelea bila kuulizwa. Mumewe naye, marehemu Babu, aliandikwa. Alikwenda manamba, kwenye mkonge, kule Tanga. Walipewa namba, ndiyo sababu ya jina lenyewe, na kipande cha siku thelathini, na siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa. Wakubwa wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyoanza 1944, na Njombe ilikuwa ghala lao la watu. Alirudi baada ya miaka minne na kikohozi, na tangu hapo katika nyumba hii mtu aliyekuja na karatasi aliambiwa wenyewe wamekwenda kilabuni.

Ameyasema haya akigeuza kuni. Mimi nilikuwa nafikiria foleni ya mwaka 2013, lile daftari kubwa mezani, na dada aliyekuwa akiuliza kila mmoja: jina kamili?

Makambako, Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye simu.

Simu ya mama mdogo hulia kila siku saa kumi na mbili jioni. Ni mlio wa kengele, haubadilishi. Tangu nilipokuwa sekondari, kabla hata ya hiyo simu, saa hiyo alikuwa akiinuka, anaingia chumbani, anafunga mlango, anatoka. Sisi tulijua anaomba. Tulikuwa tunashusha sauti ya redio kwa heshima.

Leo baada ya ibada nilimpelekea viazi vya Bibi. Nikamsimulia habari ya mwaka 1968 na mzee katika mahindi. Alifurahi kujua kwamba dada yake ana mwaka wa kuzaliwa. Kisha nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia ikitoka nyembamba kama ya mtoto wa darasani kwangu: "Mama aliumwa nini?"

Simu ikalia. Akainuka, akaingia chumbani, na mara hii hakufunga mlango. Alirudi na kopo la majani ya chai, akalitikisa. Ule mlio naujua, nimeusikia maisha yangu yote ndani ya mkoba wake, nikidhani ni vifungo vya nguo.

"Alichoumwa mama yako ndicho ninachoumwa mimi," akasema. "Ila mimi nimekuta dawa."

Mumewe alifariki 2003. Yeye aliangukia kitandani mwaka 2005, kilo thelathini na nane. Mtu akamwambia Iringa zinatolewa, bure. Nazikumbuka safari zake za Iringa! Kila mwezi alikuwa akipanda basi alfajiri na kurudi usiku, nasi tulikuwa tukilia kutaka kwenda naye, kwa kuwa alisema anafuata vitenge, na kweli alirudi na vitenge viwili vitatu vya kuuza. Kumbe vitenge vilikuwa kifuniko cha mkoba. Ananiambia kwamba kwenye foleni ile akina mama walikuwa wamejitanda khanga hadi puani. Siku ya kwanza alimwona jirani yetu wa hapa Makambako. Wote wawili wakageuza nyuso. Miezi mitatu walisafiri basi moja, mmoja mbele, mwingine nyuma, hawasalimiani. Mwezi wa nne jirani alimjia na andazi, akakaa kiti cha pembeni yake. Hawajaachana tena.

Sasa anachukulia hapa hapa mjini, dawa za miezi sita kwa mara moja. Wakimpima, virusi havionekani. Ana kilo sabini na moja. Amelea watoto wanne, na mimi mmojawapo.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mlikuwa watoto. Mlipokuwa wakubwa mimi nikawa nimezoea kuficha, mwanangu. Kuficha nako kunakuwa kazi, unaamka nayo."

Halafu akaniambia jambo ambalo limeniondolea usingizi. Mama alipima. Mwaka 2000, baada ya baba kufariki na baada ya mdogo wangu kufariki, alikwenda hospitali ya misheni peke yake, akapima, akaambiwa, akarudi nyumbani akapika. Alimwambia mdogo wake mmoja tu. Hakukuwa na dawa ya kupewa, hakukuwa na kitu chochote ambacho angepata kwa kujua. Alitaka tu kujua apange nani atanichukua.

Mimi nimeacha mchumba kwa kuogopa kipimo ambacho mama yangu alikifuata mikono mitupu.

Makambako, Jumatatu, 10 Juni

Nimefanya mti wangu upya, kwenye karatasi ya manila, nikaongeza miaka ambayo si ya ukoo wangu.

1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wanatajwa, Kagera. 1989, nazaliwa. 1998, baba. 1999, mdogo wangu. 2000, mama anapima. 2001, mama. 2004, serikali inaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. 2005, mama mdogo anapanda basi la Iringa.

Kati ya kaburi la mama na dawa pana miaka mitatu. Nimeweka rula hapo, nikalia.

Nilipomaliza kulia nikaona jambo jingine. Ugonjwa ninaouogopa ni ule wa 2001. Ni chumba cha mama, dirisha limezibwa gunia, mwili wake mdogo chini ya blanketi, watu wakisema kalogwa huku wakikataa kunywa kikombe chake. Huo ndio nimekuwa nikiukimbia kwenye mabanda ya stendi. Mtu wa kunieleza kwamba mwaka umebadilika alikuwa akitoka na kuingia chumbani kila saa kumi na mbili, nami nilikuwa nikimpunguzia redio.

Hii haina maana kwamba hakuna cha kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta watu wazima 12.7 katika kila mia mkoani Njombe wanaishi na virusi, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hakuna mkoa uliotuzidi. Lakini ukipiga hesabu vizuri, nambari hiyo ni pamoja na mama mdogo, mwenye kilo sabini na moja, anayebishana na wauza nyanya. Watu walio hai ndio wanaohesabiwa. Mama hayumo humo.

Njombe, Jumatano, 12 Juni

Nimekuja Njombe kwa sababu sijulikani. Huo nao ni woga, naukubali, nimekwenda nao.

Ukungu ulikuwa umelala hadi saa nne, chai ya Kibena imeloa kando ya barabara. Nilishuka kwenye Kosta nikatembea bila kusimama, maana nikisimama najijua. Kituoni nilikuta benchi, wanaume wawili na msichana mwenye mtoto. Muuguzi aliyeniita ni mdogo kuliko mimi, kavaa sweta juu ya sare. Aliuliza jina kamili. Nilitaja majina yote matatu, nikamkumbuka yule babu aliyelala katika mahindi, nikamtazama muuguzi akiyaandika.

"Umekuja na nani, dada?"

Nikasema peke yangu, kama mama.

Ni kitu kidogo mno. Anafuta kidole cha pete, anachoma, tone moja, matone mengine ya dawa kutoka kwenye kichupa, kisha mnangojea robo saa. Alinieleza kwamba mstari mmoja ni hivi na miwili ni hivi, na kwamba ikiwa miwili atarudia kwa kipimo cha pili, na dawa naweza kuanza leo leo. Alisema *leo leo* kama mtu anayekwambia duka liko jirani. Nilipiga hesabu ya miaka yote ile kichwani tukingoja.

Mstari mmoja.

Nilitarajia kufurahi. Nikakuta hasira, kwa ajili ya mwaka 2001, na muuguzi akanipa karatasi ya kujifutia bila kusema kitu. Alinipangia nirudi baada ya miezi mitatu. Nimeweka tarehe kwenye simu.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipata gari la kwenda Yakobi. Nilisimama karibu na kanisa, upepo ukipiga miti, watoto wakitoka kuchota maji. Nilitaka tu kukanyaga mahali ambapo babu wa babu yangu alifika na mkuki. Mama mmoja alinisalimu akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia ndugu yangu alipita hapa. Akauliza lini. Nikamtajia mwaka, naye akakaa chini kwenye ngazi akataka nimsimulie.

Mtwango, Ijumaa, 28 Juni

Tumekuja na mama mdogo, mfuko mmoja wa saruji, na fundi. Msalaba wa mama ulikuwa na jina tu. Fundi amepiga saruji mpya, akasubiri ishikane kidogo, akachukua msumari na kutuuliza aandike nini. Bibi akamtazama mama mdogo, mama mdogo akanitazama mimi. Nikasema: 1968 hadi 2001. Amechora taratibu, nane yake ikaegemea upande. Mdogo wangu yuko pembeni, naye tumempa mwaka wake.

Bibi hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya tarakimu, karibu, bila kuzigusa zisiharibike, akauliza ipi ndiyo ya vijana wenye madaftari. Nikamwonyesha.

Jua lilikuwa linazama na baridi imeanza kushuka mabondeni. Tulikuwa tumekaa kwenye gogo, fundi ananawa, kuku wanafukuzwa wasije kukanyaga saruji, simu ya mama mdogo ikalia. Nilimwona akiangalia nyumba, mlango, giza la ndani. Kisha akafungua mkoba palepale, akatoa kopo, akaweka kidonge kiganjani.

"Mama," akamwambia Bibi, "nipe maji ya kunywea dawa."

Bibi aliinuka kwa kushika magoti, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati kimejaa. Alisubiri amalize, akakipokea, akanywa yaliyobaki.